Merikani iliyofika Ujiji ilifumwa wapi?

FundiMwanga: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Bibi yangu wa Ujiji kila nikimpa kitambaa cheupe anakisugua kwa vidole na kuguna: "Merikani ilikuwa na mwili, mjukuu wangu." Najua zamani pembe za ndovu zilinunuliwa kwa nguo hiyo ya pamba kutoka Marekani. Sasa kiwanda chenyewe kilikuwa mji gani, na kiliendeshwaje kabla ya umeme?

Kaka_Ngambo: Fundi, viwanda vilikuwa vingi, hasa jimbo la Massachusetts, Marekani. Anza na Lowell, kando ya mto Merrimack. Pale mto unashuka karibu mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket. Mfereji wa kupitishia mashua ulikuwepo tangu 1796. Matajiri wa Boston wakaununua, wakaupanua, na 1823 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi. Maji yanazungusha gurudumu chini ya jengo, mikanda ya ngozi inapandisha mzunguko ghorofa kwa ghorofa hadi kwenye mitambo ya kusokota na kufuma. Wafanyakazi wengi walikuwa mabinti wa mashambani, wanalala bweni la kampuni, kengele ndiyo inawaamsha.

Pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Hilo ndilo linaloninyima raha: pamba ya mtumwa inafumwa Marekani, inapanda meli hadi Unguja, wapagazi wanaibeba mpaka hapa kwetu Tabora na huko Ujiji, ambako nako binadamu walikuwa wakiuzwa.

Mzee wa Isevya: Kijana kaeleza vizuri, ila asiisahau Salem, mji wa bandari huko huko Massachusetts. Meli nyingi zilitoka huko, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na Wamarekani, 1833. Na kiwanda chao cha Naumkeag, miaka ya 1840, kilitumia mvuke, si mto. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyoiponza merikani: pamba ikakatika, bei ikapaa, nguo za Uingereza na Bombay zikaingia sokoni.

Tena tusijione tulikuwa uchi tukingoja meli. Burton, msafiri Mwingereza, alipopita Unyamwezi 1857 aliwakuta watu wakifuma pamba yao wenyewe.

FundiMwanga: Ahsante mzee, majibu haya nitampelekea bibi. Na doti, kile kipimo cha nguo, wakati ule ilikuwa mikono mingapi?

Mzee wa Isevya: Minane. Shuka minne. Mkono ni kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kwa hiyo ilitegemea anayepima ni nani.