Matufaha ya Mtwara: wekundu nje, unga ndani. Mnatuuzia nini?

Wakuu, hasa mnaouza matunda sokoni na stendi. Hayo matufaha mekundu ya Afrika Kusini mnayoyafuta kwa kitambaa mpaka yang'ae, Desemba hii, yamechumwa lini?

Kule mavuno huanza mwishoni mwa Januari kwa aina ya Gala na kufunga Mei kwa aina ya Pink Lady. Kwa hiyo Starking, hilo jekundu, la Desemba limeshakaa chumba cha baridi miezi minane au zaidi, nyuzi karibu na 0, oksijeni imeshushwa hadi asilimia 1 au 2 ili tunda lipumue kidogo. Hapo sina ugomvi, ndivyo biashara hii inavyoendeshwa dunia nzima. Ugomvi ni kulitoa huko halafu kulianika mezani wiki nzima kwenye joto la nyuzi 30! Linazeeka mbio. Ukiling'ata, seli zinaachana badala ya kupasuka, juisi haitoki, unatafuna unga. Ukali nao ulishapungua ghalani, umebaki utamu wa maji ya sukari.

Na wanunuzi msijifiche. Mnachagua kwa rangi! Starking ni uzao wa Red Delicious, tufaha la Iowa, Marekani, ambalo wakulima wamekuwa wakilichagua kwa wekundu mpaka ladha ikaachwa njiani. Linawahi kuwa jekundu kabla ya kuiva. Kibandiko cha 4015 au 4016 ndilo hilo. 4017 ni Granny Smith, kali, lina asidi ya kutosha kuvumilia ghala, bora mchukue hilo. Ukubwa nao unawadanganya: namba ya kwenye boksi la kilo 18 ni idadi ya matunda, 100 ni makubwa, 150 madogo. Makubwa ndiyo yanayowahi kuwa unga.

Ya Njombe mnayakataa, eti madogo, yana madoa. Likichumwa limekomaa, mbegu za kahawia, kijani cha ganda kimeanza kugeuka manjano, hakuna la boksi litakalolishinda kwa harufu, maana harufu hujengeka siku za mwisho mtini. Tatizo walanguzi wanachuma mabichi ili yavumilie njia ya Songea, Tunduru mpaka Masasi. Wapimeni: kata tunda katikati, paka iodini ya duka la dawa iliyozimuliwa kwa maji. Likiwa jeusi lote, limejaa wanga, ni changa. Katikati peupe na weusi umebaki pembeni, hilo limechumwa kwa wakati. (Kipande ulichopaka tupa.)

Korosho_Ghafi: Mkuu umewasahau wauza miche. Wanawauzia watu wa Newala miche ya tufaha aina ya Anna, eti kule juu kuna baridi. Anna inataka kama saa 200 hadi 300 za baridi chini ya nyuzi 7 ndipo ichanue vizuri. Newala hata usiku wa Julai haifiki huko! Utapata majani na maua ya kuhesabu. Na wanauza mche mmoja mmoja bila mche wa aina nyingine, Dorsett Golden, wa kuuchavusha.

Mleta uzi: Wizi mtupu. Wakibanwa wanataja Indonesia, eti kule matufaha yanazaa bila baridi kali. Ni kweli, mji wa Batu kule wanapukutisha majani yote kwa mkono baada ya mavuno ili mti uchanue tena, ila Batu ni milimani.

Wauzaji, andikeni tarehe boksi lilipofunguliwa, na meza iwe kivulini. Wanunuzi msio na friji, chukueni ya siku mbili tu, na msiyaweke kapu moja na ndizi. Ila Desemba hii, embe dodo zimejaa kila kona, sijui tufaha la nini.