UZI: Acheni kugawa muziki kwa sura za waimbaji. Kantri ndiyo iliyobeba 2024

Wakuu, huu mjadala wa muziki gani uliubeba mwaka 2024 nimeufuatilia kimya kimya, na sasa kimya kimenishinda. Kutofautiana hakunisumbui, kila mwenye masikio ana haki yake. Kinachonichefua ni namna watu wanavyohesabu. Mtu anakuja na orodha yake, anamng'oa Beyoncé kwenye kantri, ule muziki wa magitaa wa kusini mwa Marekani, anampeleka R&B, anamng'oa Shaboozey anampeleka hip-hop, kisha anakaa kitako na kututangazia kwamba kantri haikuwa na lolote mwaka ule zaidi ya Morgan Wallen, yule mwimbaji mzungu wa kantri. Unawanyang'anya watu mali yao, halafu unawacheka kwa umaskini!

Msimamo wangu nauweka wazi mapema tusizungushane: mwaka ule ulikuwa wa kantri, na wala si kwa tofauti ndogo.

Februari Beyoncé aliachia "Texas Hold 'Em" na akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya nyimbo za kantri ya Billboard, jarida la Marekani linalopanga nyimbo kwa umaarufu. Albamu yenyewe, Cowboy Carter, ikafuata tarehe 29 Machi. Shaboozey, mtoto wa wazazi wa Kinigeria aliyezaliwa Virginia, akapokea kijiti kwenye chati hiyohiyo na "A Bar Song (Tipsy)". Wimbo huo haukuishia hapo. Ulipanda hadi kileleni mwa Hot 100, chati inayojumuisha nyimbo za kila aina, ukakaa huko wiki 19. Chati hiyo ipo tangu 1958, na hadi wakati huo wimbo mmoja tu ndio uliokuwa umefikisha wiki hizo: "Old Town Road" ya Lil Nas X, mwaka 2019. Agosti Post Malone, ambaye wengi tulimjua kwa kuchana, akatoa albamu nzima ya kantri.

Mimi napima hivi: muziki unaobeba mwaka ni ule ambao wakubwa wa muziki mwingine wanaukimbilia, wakiwa na majina yao tayari na bila kulazimishwa na njaa. Msanii hawezi kuhatarisha jina alilolijenga kwa miaka ili aende mahali ambapo hakuna kinachoendelea.

Najua wa hip-hop mtanirukia na "Not Like Us", wimbo wa Kendrick Lamar wa kumshambulia mchanaji mwenzake Drake. Ni wimbo mkali, sibishi. Kendrick alimmaliza Drake mchana kweupe, na tangu Mei mpaka mwaka unaisha hakuna aliyeukwepa. Lakini ule ulikuwa ugomvi wa wanaume wawili. Baada yake nani alihama kutoka aina nyingine ya muziki kwenda hip-hop? Nitajieni mmoja wa ukubwa wa hao niliowataja hapo juu.

Wa pop nanyi mnajumlisha visivyofanana. "Espresso" ya Sabrina Carpenter inatembea na mdundo wa disko. Brat ya Charli XCX ni muziki wa klabu, wa usiku na jasho. Chappell Roan anachota kwenye vinanda vya umeme vya miaka ya 1980. Mnawakusanya wote watatu kwa sababu waliuza, halafu mnaita hiyo aina moja ya muziki. Kwa hesabu hiyo pop itashinda kila mwaka mpaka mwisho wa dunia, maana chochote kikishauza mnakiita chenu.

Sasa nirudi kwenye kilichonifanya nifungue uzi huu, maana hapa ndipo damu inachemka. Kugawa muziki kwa rangi ya anayeimba hakukuanza na nyinyi, mnarithi tu uchafu wa zamani. Billboard walikuwa na chati iliyoitwa "Race Records", ya muziki wa watu weusi wa Marekani, hadi 1949 walipoibadilisha jina kuwa Rhythm & Blues. Ndani ya chati hiyo ungekuta bluzi, jazi na nyimbo za dansi, vitu visivyofanana kwa sauti hata kidogo, vimefungwa pamoja kwa kuwa walioimba walikuwa weusi. Na banjo, chombo kinachosikika ukishataja tu kantri, asili yake ni Afrika Magharibi, kilivushwa bahari na watu waliotekwa utumwani. Kwenye "Texas Hold 'Em" anayeicharaza ni Rhiannon Giddens, mwanamuziki ambaye ametumia miaka kuifundisha dunia historia hiyo. Halafu mtu anaandika hapa kwamba Beyoncé "amevamia" kantri. Amevamia nini?

Kamuulizeni Charley Pride, mwimbaji mweusi wa kantri. Miaka ya 1960 kampuni yake ilipeleka nyimbo zake za kwanza kwenye vituo vya redio bila picha yake. Zikapigwa na watu wakazipenda. Mwaka 1971 chama cha muziki wa kantri, CMA, kikampa tuzo yake kubwa kuliko zote, ya mtumbuizaji bora wa mwaka. Masikio yalimkubali bila shida yoyote. Kikwazo kilikuwa macho, ndiyo maana picha ilifichwa.

Na msiniambie hayo yameisha. Mwaka 2016 kamati ya Grammy ya kantri iliikataa "Daddy Lessons" ya Beyoncé isishindanie tuzo za kantri. Februari 2024 kituo kimoja cha redio huko Oklahoma kilimjibu msikilizaji aliyeomba wimbo wake kwamba hawampigi Beyoncé kwa kuwa wao ni kituo cha kantri, mpaka mashabiki walipokuja juu ndipo wakaupiga. Septemba yakatoka majina ya wanaowania tuzo za CMA. Cowboy Carter sifuri. Post Malone, ambaye ni mzungu, manne, kupitia wimbo alioimba na Wallen. Shaboozey alipata mawili, nayasema ili nisionekane naficha, lakini kwa mwaka aliokuwa nao mawili ni kidogo.

Linganisheni na Taylor Swift. Alianza kantri mwaka 2006, akaja kuhamia pop waziwazi na albamu ya 2014, na hakuna aliyesimama mlangoni kumdai kibali. Sina ugomvi naye, alifanya kazi yake. Ugomvi wangu ni na nyinyi mnaokubali Swift akihama, ila Beyoncé akihama mnaanza kuchunguza nasaba yake.

Ugonjwa huohuo ndio uliompata mwimbaji Tyla. Binti ametoka Afrika Kusini, "Water" yake imejengwa juu ya amapiano, muziki wa dansi wa hukohuko kwao, mapigo yote yanakwambia. Tuzo za MTV za Septemba 2024 zikampa ushindi wa wimbo bora wa Afrobeats, muziki wenye asili ya Afrika Magharibi. Ilibidi asimame palepale jukwaani, tuzo mkononi, aeleze kwamba muziki wa Afrika ni zaidi ya Afrobeats. Na humu ndani bado kuna wanaouweka "Water" kwenye hesabu ya Afrobeats, na wanaona wanatusifia.

Kwa hiyo leteni hoja za sauti. Kwenye "A Bar Song" mna gitaa kavu, fidla, na mtu aliyechoka na kazi anayetaka kinywaji. Ndiyo, kiitikio kimekopwa kutoka kwa J-Kwon, wimbo wa kuchana wa 2004. Mkopo huo ndio mnaoushikilia kama hati ya kumiliki wimbo mzima. Sawa, basi tutumie sheria moja. "I Had Some Help" ya Post Malone na Wallen ilikaa juu ya Hot 100 wiki 6, na nusu ya waimbaji wake ametokea kwenye kuchana. Mbona hizo wiki 6 sijaona hata mmoja wenu akizidai kuwa za hip-hop? Anayetaka kuzichukua zile 19 za Shaboozey aanze kwa kunijibu hilo.