Waraka wa maaskofu: siasa imeingia kanisani, au kanisa limeingia siasani?

Mzee wa Kiboriloni: Bwana Yesu asifiwe. Nauliza kwa nia njema kabisa. Mimi ni Mlutheri, lakini Agosti 2023 nilikuwa kwa mkwe wangu Kibosho, tukaenda misa pamoja. Tukasomewa waraka wa maaskofu Katoliki wa kupinga mkataba wa bandari ya Dar es Salaam. Magazeti yakawaweka maaskofu ukurasa wa mbele, redio zikalitafuna jambo hilo mpaka likakosa ladha. Tulipotoka nje hata kina mama walikuwa wanabishana habari za DP World, ile kampuni ya Dubai ya kuendesha bandari. Msimamo wangu: askofu akiwa na neno kwa mtawala, amwendee chumbani kama nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi. Nyerere alituachia serikali isiyo na dini. Waandishi ndio wanaowageuza maaskofu kuwa chama cha upinzani.

Kijana wa Sakina: Shikamoo mzee. Nathani nakupa, na mimi nina Yohana Mbatizaji. Yeye alimkemea Herode hadharani, hakuomba miadi. Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi haina dini. Haisemi mwenye dini hana mdomo.

Mama Memorial: Mzee wangu, shikamoo, ila umenichoma. "Hata kina mama"? Kwani sisi bandari haituhusu? Belo zangu za mitumba zinashukia bandari ile ile. Kontena likikwama Dar, anayekaa na meza tupu pale sokoni ni mimi, na siku ya marejesho ya vikoba haisubiri meli. Wewe ulisoma mkataba? Mimi niliusoma kwenye simu ya mwanangu, usiku, baada ya kufunga meza.

Mzee wa Kiboriloni: Marahaba mwanangu. Sikumaanisha hivyo. Nilimaanisha mazungumzo yale hayakufaa mlangoni pa kanisa.

Mama Memorial: Wanaume nao walikuwa mlangoni. Mbona hukuandika "hata kina baba"?

Mangi Pasua: Dada usimkalie mzee kooni. Paulo aliwaandikia Wakorintho mwanamke anyamaze katika kanisa. Hayo si maneno yangu.

Mama Memorial: Mangi, sharikani kwetu mchungaji ni mwanamke. Jumapili atakapopanda mimbarini, nenda ukamsomee hao Wakorintho wako.

Dada wa Njiro: Tena huyo Mangi nawaambia ni wale wanaoketi nyuma na kutoka kabla ya sadaka ya pili.

Mangi Pasua: Sadaka yangu unaihesabu wewe? Turudi kwenye mada. Nchi iliuzwa miaka 100, watu mmeng'ang'ania kina mama.

Mwandishi wa zamani, Arusha: Hiyo miaka 100 ndiyo ilitutesa chumba cha habari. Makubaliano yale ya serikali na Dubai, yaliyopita bungeni Juni 2023, hayakuweka ukomo wa miaka ulio wazi. Hicho ndicho watu walikuwa wanakilalamikia, na kila mtu akajaza namba yake. Mikataba iliyosainiwa Oktoba mwaka huo inasema miaka 30, gati namba 4 hadi 7. Na wewe mzee wa Kiboriloni, usitutupie sisi kila kitu. Maaskofu waliandika wenyewe, wakausoma wenyewe. Kazi yetu ilikuwa kusema umesomwa. Kuandika hapa nchini kuna gharama yake: Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilisimamisha leseni za mtandaoni za gazeti la Mwananchi kwa siku 30. Mtu anayefanya kazi chini ya upanga huo hana nafasi ya kucheza na maaskofu.

Ustadhi Ngaramtoni: Asalaam aleikum. Nilisoma kimya, sasa niseme. Kilichotuuma wengi ni wakati wenyewe. Rais Muislamu, kampuni ya Dubai, na siku hizo hizo waraka makanisani. Mbona huko nyuma hamkusoma waraka?

Mwalimu Mstaafu, Usa River: Zilisomwa, ustadhi. 2018, Rais akiwa Magufuli, Mkatoliki wa kubatizwa. Maaskofu Katoliki walitoa ujumbe wa Kwaresima, wenye maneno makali kuhusu uhuru wa watu kujieleza. KKKT, yaani Walutheri, nao wakatoa wao karibu na Pasaka, ikaja barua kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani kuwataka waufute. Baadaye waziri mwenyewe akaikana barua ile. Sasa ni udini gani wa maaskofu kumsema Mkristo mwenzao?

Ustadhi Ngaramtoni: Hilo la 2018 nimelipokea, mwalimu. Lakini hapa Arusha nilisikia kwa masikio yangu, ndani ya daladala, watu wakisema "Waarabu wamerudi kuchukua watumwa". Maneno hayo waraka haukuyaandika, najua. Aliyekuwa amekaa dirishani akisikia ni mimi na kanzu yangu.

Dada wa Njiro: Pole sana kaka. Hayo hata mimi niliyasikia, na sikumkemea aliyeyasema. Najuta.

Mzee wa Kiboriloni: Ndicho ninacholilia. Neno likitoka mimbarini halirudi, linaishia kwenye daladala.

Mama Memorial: Basi mzee wangu, nijibu hili moja, na unijibu kama mzee wa kanisa. Mwaka jana, harambee ya paa sharikani kwetu. Mgombea alikuja na msafara, akapewa kiti cha mbele, akapewa maikrofoni baada ya matangazo. Alizungumza dakika ishirini, mchungaji alizungumza kumi. Wazee wote mlipiga makofi. Pale hukumkumbuka Nathani?

Mzee wa Kiboriloni: Yule alichangia bati.

Kijana wa Sakina: Kwa hiyo mwenye bati anaruhusiwa, mwenye waraka aende chumbani?

Mzee wa Kiboriloni: Kijana, watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wananyeshewa. Wewe ungemfukuza?

Mama Memorial: Mimi ningepokea bati, nikamnyima maikrofoni. Na tuseme ukweli, aliahidi geji 28, zikaja 30, nyembamba zaidi. Upepo wa Februari umeshang'oa mbili upande wa kwaya.

Mzee wa Kiboriloni: Zilikuwa 28. Nilizipokea mimi mwenyewe, stakabadhi ninayo.

Mama Memorial: Ilete Jumapili.