Santuri ya Krismasi "karibu mpya" iliyochakaa upande mzima: wauzaji, mnapima kwa macho gani?

Ndugu wakusanyaji wenzangu, naomba mnivumilie, kwa sababu naandika nikiwa na hasira na sioni haja ya kuificha.

Wiki tatu zilizopita nilinunua kwa njia ya posta santuri ya Krismasi ya Elvis Presley, toleo la kwanza la kampuni ya RCA Victor la mwaka 1957, lile ambalo jalada lake hufunguka kama kitabu na lina kurasa za picha ndani. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliipa daraja la NM, yaani karibu mpya, jalada na santuri kwa pamoja. Nilimwuliza mara mbili kama aliipiga na kuisikiliza kabla ya kuipa daraja hilo. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili alijibu kwamba haina mkwaruzo hata mmoja. Nilijidanganya kuwa nimejibiwa.

Nilipoitoa kwenye mfuko iling'aa vizuri chini ya taa ya dari, hata nikaanza kujilaumu kwa kumshuku mtu bure. Kisha niliisogeza kwenye taa ya mezani, nikaiinamisha ili mwanga uipige ubavuni, na weusi ule ukageuka kijivu, hasa kwenye nyimbo za mwisho zilizo karibu na lebo, ambako sindano hupata shida zaidi kufuata mifereji. Kwenye lebo yenyewe, kuzunguka tundu, kulikuwa na mistari myembamba iliyopauka, imetapakaa kama nywele zilizoanguka sakafuni. Mistari hiyo huachwa na kile kijiti cha katikati cha mashine kila mtu anapopapasa kutafuta tundu, na santuri iliyopigwa mara mbili tatu haiwezi kuwa nayo kwa wingi ule. Nilipoweka sindano, kila "s" ya mwimbaji ilitoka kama maji yaliyodondokea mafuta ya moto.

Sasa sikilizeni jambo lililonichoma zaidi. Nilirudi kwenye picha za tangazo, nikagundua kwamba upande uliopigwa picha ni wa pili peke yake. Wanaoijua santuri hii wanafahamu kwamba upande wa kwanza ndio wenye nyimbo sita za shamrashamra za Krismasi, ilhali wa pili una mbili tu za kuzaliwa kwa Yesu, kisha nne za injili ambazo zinafaa mwezi wowote. Kwenye nakala yangu upande wa pili ni mzuri kweli, na ule wa kwanza umekwanguliwa na Desemba nyingi mfululizo. Mtu aliyechagua upande wa kupiga picha alijua anachokificha. Kama hakujua, basi hana haki ya kuandika herufi NM mahali popote.

Santuri za Krismasi hazipaswi kupimwa kwa mazoea ya kupimia santuri nyingine. Hizi zilikuwa mali ya nyumba nzima, zikipigwa kutwa wakati wageni wamejaa, zikishikwa na watoto kwa vidole vyenye mafuta, zikirundikwa kwenye zile mashine ambazo hudondosha santuri moja juu ya nyingine. Mikono ya sindano ya mashine nyingi za nyumbani za wakati huo ilikuwa mizito mara kadhaa kuliko gramu 2 hivi zinazotumika leo, na sindano iliyokwisha makali haikwaruzi juu juu ili jicho lione, bali hutafuna kuta za mfereji ambamo sauti yenyewe imechongwa. Msimu ukiisha, ziliwekwa darini pamoja na mapambo, zikapata joto na kupinda. Mtu anayezitazama dakika moja na kuzipa daraja hajafanya kazi yoyote.

Nilipodai fedha zangu, muuzaji alinijibu kwamba kwa santuri yenye umri wa zaidi ya miaka 60 hali hiyo ni ya kupendeza. Hoja hii nimeichoka! Daraja halipimi uzee, linapima hali. Karibu mpya maana yake ni karibu mpya, iwe ya 1957 au ya juzi, na kama imechakaa inashushwa daraja, hata ikibidi kufika lile linaloitwa "nzuri", ambalo sote tunajua kuwa kwa lugha ya wakusanyaji ni santuri inayopigika kwa kelele nyingi. Kipimo kinachotumiwa sana Marekani huipa santuri iliyo daraja moja tu chini ya NM takriban nusu ya thamani, na iliyo madaraja mawili chini takriban robo. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba tunagombania herufi.

Si yeye peke yake. Mwaka jana muuzaji mwingine aliniuzia santuri ya shelaki (ule utomvu mgumu uliotengenezea santuri za zamani) ya "White Christmas" ya mwimbaji Bing Crosby kwa madai kwamba ni rekodi ya 1942, kumbe ni ile ambayo Crosby aliirekodi upya mwaka 1947 kwa sababu bamba asilia la kiwandani lilikuwa limechakaa kwa kutumika mno. (Ikiwa bamba la kiwandani lilichakaa, nakala ya sebuleni ingeponaje?) Juu ya hayo alinishauri niisafishe kwa spiriti, wakati spiriti huyeyusha shelaki.

Nimempa muuzaji wa Elvis hadi Ijumaa arudishe fedha na agharimie posta ya kuirudisha santuri. Picha za upande wa kwanza, zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni, ninaziweka hapa chini pamoja na ya lebo. Naomba kila mwenye uzoefu aipe daraja kwa haki bila kunionea huruma, kwa kuwa nakusudia kumpelekea majibu yenu yote kama yalivyo.