Tume ya haki za binadamu imekiri tumeonewa, halafu imeishia kuandika barua!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Mdogo wangu alikaa mahabusu siku 11 bila kufikishwa mahakamani. Tukapeleka malalamiko tume ya haki za binadamu. Kwenye uchunguzi sitawanyima haki yao: waliwaita maofisa kuhojiwa, wakaenda mpaka kituoni, wakafungua kitabu cha mahabusu. Jina la mdogo wangu limeingizwa siku ya nne, kwa wino tofauti, limebanwa katikati ya mistari miwili. Tulionyeshwa nakala ya ukurasa ule. Mama aliutazama, akaugeuza nyuma, kama vile zile siku tatu za mwanzo zimeandikwa huko.

Ripoti ikatoka: haki zimevunjwa, tume "inapendekeza" alipwe fidia na wahusika wachukuliwe hatua. Huu mwaka wa pili! Kila nikienda jibu ni "tumewakumbusha". Barua tatu, zote zina muhuri wa kupokelewa, hata moja haijajibiwa.

Na asije mtu kuniambia tume zote ndivyo zilivyo. Ni kweli Kanuni za Paris, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1993, zinataka tume iwe huru na iwe na fedha za kutosha, ila hazilazimishi ipewe meno ya kutoa amri. Lakini Uganda, ibara ya 53 ya Katiba ya 1995 inaipa tume uwezo wa kuamuru mtu aachiwe au alipwe fidia. (Serikali huchelewa kulipa, najua, lakini aliyeonewa ana amri mkononi, hana ushauri.) Ghana nako, Katiba inamruhusu Kamishna wa tume yao kufungua shauri mahakama yoyote nchini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata sheria ya tume yetu inairuhusu kwenda mahakamani kwa niaba ya mlalamikaji. Nimeisoma mwenyewe, kifungu kwa kifungu. Nilipowauliza mbona hawaendi, nikaambiwa wanatanguliza "mashauriano na mamlaka husika". Mnashauriana vipi na mtu asiyejibu barua?

Mdogo wangu hataki tena hata kulisikia jambo hili. Mimi siachi. Wafungue kesi, ushahidi wameukusanya wao na umo kwenye faili lao. Kama kuna mtu hapa tume iliwahi kumsimamia mahakamani, naomba anieleze alianzia wapi.