Naomba ushauri: kigemu cha mkononi chini ya laki na nusu, niko Kigoma

Kijana wa Katubuka

Wakuu heshima zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela mfukoni. Mimi nimekulia Ujiji, kulikuwa na kibanda cha gemu pale mtaani tunalipa mia unapiga Tekken 3, ile gemu ya ngumi ya PlayStation ya kwanza, mpaka ufungwe, ukifungwa unampisha mwenzio unakaa kwenye benchi unasubiri tena. Sasa nina dogo wa miaka tisa, nataka nae aonje ile ladha ila sio kwenye simu yangu, maana akiishika asubuhi naipata jioni chaji asilimia nne na bando limekata.

Hapa Mwanga kuna duka wanauza kimashine cha mkononi, boksi limeandikwa gemu 10,000, bei 85,000 labda akipunguza sana 80. Muuzaji anasema kinapiga gemu za PS1, yaani PlayStation ya kwanza, mpaka za PSP, ile PlayStation ya mkononi. Nimekishika, chepesi, kioo kidogo ila kinang'aa. Mwisho wangu mimi ni laki na nusu. Nikirudi pale niangalie nini nisije nikauziwa kimeo? Na aliye nacho huku kwetu au Tabora aniambie ukweli hasa kwenye chaji na spea, maana kitu kikifa huku utaambiwa subiri mzigo wa Dar.

Fundi Gungu

Kaka hiyo 10,000 isahau, isikupandishe bei hata shilingi. Fungua orodha ushuke nayo taratibu utakuta Mario yuleyule kaandikwa majina kumi na tano, moja anaanzia level ya pili, nyingine kabadilishwa rangi ya nguo. Gemu za kweli humo utakazocheza na kurudia hazizidi thelathini, na hizo zinatosha kabisa.

Kitu cha kwanza geuza nyuma ufungue mfuniko wa betri. Ukikuta betri ya duara ile ya tochi, 18650, na kioo ni cha inchi 3, basi ujue ni SF2000 au ndugu yake. Hiyo sio mbaya kwa kazi yake, inapiga Nintendo ya zamani, Sega, Game Boy, Super Nintendo na Game Boy Advance zinaenda ila kuna sehemu zinakwamakwama, lakini PS1 haipigi, prosesa yake haina huo uwezo na hakuna cha kuflashi, yaani kuibadilishia programu, kitakachoipa. PSP ndio kabisa asikwambie mtu. Faida yake kubwa ni hiyo betri, siku ikichoka unaenda sokoni unanunua nyingine unapachika mwenyewe bila kumtafuta fundi.

Cha pili, mwambie afungue Contra, ile gemu ya zamani ya bunduki, usikubali akufungulie anachotaka yeye. Shika mshale wa kulia peke yake ukimbie mpaka ulivuke lile daraja linalolipuka. Kama bunduki inainama au inainuka wakati kidole chako hakijagusa juu wala chini, ule msalaba wa mishale una kasoro na utamkera mtoto kila siku, kila gemu. Halafu rudi mwanzo, kwenye ukurasa wa kwanza piga juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A kisha start. Ukipata maisha 30 ujue mishale yote, A, B na start zinashika vizuri. Angalia tu isiwe ile Contra iliyochakachuliwa ambayo inakuja na maisha 30 tayari, hapo hujapima kitu. Mimi hii nawafanyia wateja wote wanaoniletea vimashine niwaangalizie, dakika tatu tu unajua.

Sauti pia, ongeza mpaka mwisho usikilize kama spika inakwaruza.

Dada wa Isevya

Mimi niko Tabora na nitasema tofauti kidogo, kwa mtoto wa miaka tisa wala usikimbilie PS1. Wanangu wawili niliwanunulia kile kimashine cha mkononi kinaitwa Sup, cha gemu 400, kilinigharimu 30,000 mwaka juzi. Ni gemu za Nintendo ya kwanza tu, vile vya vibonyezo viwili, lakini wamecheza mpaka maandishi ya batani yamefutika. Betri yake ni BL-5C jamani, ileile ya Nokia ya tochi, duka lolote la simu Tabora ipo, mpaka vijijini huko Urambo utaipata. Yangu ilivimba mwaka jana nikanunua nyingine jioni hiyohiyo maisha yakaendelea.

Na ina waya wa kuchomeka kwenye TV, zile tundu za njano na nyekundu, na ilikuja na padi ya pili kwahiyo wanacheza wawili. Hicho ndicho kilimaliza ugomvi nyumbani kwangu. Wewe mwenyewe hapo juu umesema raha ya kibanda ilikuwa mtu ukifungwa unampisha mwenzio, sasa kimashine cha kioo kidogo mtoto anajifungia nacho peke yake kama simu tu. Fikiria hilo kaka yangu.

Treni ya Usiku

Mwangaluka wakuu. Mimi natumia kimashine cha mkononi kinaitwa R36S, huu mwaka wa pili. Kama unaitaka Tekken 3 ile yenyewe, kwa laki na nusu yako hii ndio njia. Kioo inchi 3.5 nukta 640 kwa 480, chipu RK3326, ramu 1GB. PS1 inateleza. PSP gemu nyepesi zinaenda lakini God of War inakokota, muuzaji akikwambia inapiga PSP zote mkatalie. Wifi haina ndani yake.

Hicho kioo kina maana kuliko watu wanavyodhani. Gemu za zamani zilitengenezewa TV za zamani, zile za upana nne kwa urefu tatu, na kioo hiki ni hivyohivyo. Game Boy picha yake ni 160 kwa 144, ukiizidisha mara tatu inakuwa 480 kwa 432 inakaa ndani bila kuvutwa, kila nukta imetulia mahali pake. Vile vimashine vyenye kioo kirefu kama simu wanamvuta Mario anakuwa mnene, ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona.

Chaji, nikipanda treni Tabora kuja huko Kigoma nikianza na PS1 tu naishia maeneo ya Nguruka, kama nusu ya njia, basi. Na ina shida moja ambayo wengi wanadhani mashine imekufa, ukitumia kebo ya Type C pande zote mbili na vile vichwa vya chaji vya kisasa mara nyingi haiingizi chaji. Tumia kebo ya kawaida, upande mmoja ile USB bapa, na kichwa cha kawaida cha volti 5. Halafu tundu zipo mbili zinafanana, chomeka ile iliyoandikwa DC.

Sasa kubwa kuliko yote ni kadi ya memori, ndio inabeba gemu na mfumo wa mashine. Kadi zinazokuja nazo hazina jina, zinakufa bila kuaga. Mimi ya kwangu ilipoanza kuganda nikanunua kadi mpya nzuri, nikapakua ArkOS, mfumo unaoiendesha mashine, mtandaoni nikaiweka, nikawasha, taa inawaka sauti inatoka kioo cheusi tii. Siku tatu najua nimeunguza kioo. Kumbe hizi mashine zinatoka kiwandani na vioo vya aina tofautitofauti, na kwenye kadi ya mwanzo kuna faili za dtb zinazoiambia mashine kioo chake ni kipi, mimi ile kadi nilishaifuta. Nilihangaika kujaribu faili za watu mmoja baada ya mwingine mpaka ya nne ndio kioo kikawaka, nakumbuka nilikuwa nimekaa kitandani saa nane usiku nikapiga kelele mke wangu akaamka. Nakili kadi nzima kwenye laptop kabla ya kitu chochote.

Na kopi za R36S ni nyingi sana, ganda lilelile ndani chipu nyingine. Ile orijino kwa kawaida inakuja na ArkOS, mwambie muuzaji akuwashie uone inavyowaka, kama hataki muache.

mtu wa Kaliua

Si uweke RetroArch, programu ya kuchezea gemu za zamani, kwenye simu kuukuu ni bure, ununue na padi ya bluetooth hela inabaki

Kijana wa Katubuka

Mkuu wa Kaliua nimekuelewa ila simu kuukuu sina na nimeshasema dogo na simu nataka niwatenganishe.

Mrejesho. Jana nimerudi dukani. Nimefungua mfuniko, betri ya duara kama ya tochi, Fundi ulikuwa sahihi. Contra nikakimbia mpaka daraja likaisha, bunduki imetulia, maisha 30 yamekuja, msalaba wake ni mzuri kusema kweli. Nikamwambia haya nifungulie Tekken 3. Akatafuta akafungua Tekken, nikaona wanapigana kweli nikaanza kufurahi, nikaenda kumchagua Eddy, mpiganaji wa Tekken 3, nikamkosa. Nimezunguka ile orodha mara mbili, Jin yupo, King yupo, Eddy hayupo. Kumbe ni ile Tekken ya Game Boy Advance, wachezaji kumi tu. Sidhani kama alitaka kunidanganya, yeye kaona jina Tekken akajua ndio yenyewe, nilipomuelezea alishangaa.

Dada wa Isevya maneno yako yamenikaa sana kichwani, nimelala nayo. Nimeamua hivi, ndugu yangu yuko Kariakoo ameenda dukani ameniwashia R36S kwa video nimeona ArkOS, 120,000, na kadi nyingine ya maana 20,000. Halafu mwezi ujao naongeza ile Sup ya kuchomeka kwenye TV tucheze wawili, maana nikiangalia bei zake ni hela ya migebuka ya wiki mbili.

Mzigo umepakiwa kwenye basi leo asubuhi, dogo kila nusu saa ananiuliza limefika wapi.

Treni ya Usiku

Safi. Ikifika usimpe dogo siku hiyohiyo, toa kadi nakili kwanza. Ukikosa laptop mpelekee Fundi hapo Gungu.

Fundi Gungu

Alete, nipo mpaka saa mbili usiku. Aje na kadi zote mbili.