Mrejesho: Sifa mbaya ya mdai na fidia ya kashfa, Uingereza

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama mdaiwa anaweza kuleta ushahidi wa sifa mbaya ya mdai ili fidia ipungue. Tulifuata ushauri wa kuanzia kesi ya zamani ya Scott v Sampson ya 1882, na ulisimama: mashahidi wanaomfahamu mdai walieleza anavyochukuliwa kwa ujumla katika upande ule ule wa maisha yake ulioguswa na kashfa, na jaji akawapokea. Zingatieni: sifa hiyo iwe ya kabla ya chapisho, na itajwe mapema kwenye hati ya utetezi, la sivyo upande wa pili watapinga kwamba wameshtukizwa.

Tulikwama kwenye matukio mahususi. Aya za utetezi wetu zilizotaja maovu ya mdai moja moja zilifutwa pamoja na uvumi, maana kila tukio huzaa kesi ndani ya kesi. Machapisho mengine yaliyosema jambo lile lile nayo yalikataliwa kwa msingi wa kesi ya Dingle. Aliyetaja kesi ya Burstein ya 2000 alituokoa, Mungu ambariki: tukio moja lilipita kwa kuwa lilihusiana moja kwa moja na mazingira ya chapisho. Fidia imepungua, ila si kwa kiwango tulichoomba.